Meno ya Juu

"Huyu ana upele, Mama Abdi."

"Joto tu hilo, si upele."

"Nimelea watoto mpaka nyonga imepinda, leo unifundishe upele? Mrudishe kwako umpake dawa."

"Nimrudishe nimwachie nani? Kengele imelia!" Mama Abdi alikuwa amekwisha fika njiani, jembe begani, na mwanawe mchanga, Sadala, amebaki mikononi mwa Mwaija akijikuna shingo.

Kila siku ilikuwa hivyo. Kipande cha reli kilichoning'inia mbele ya ghala la kijiji kiligongwa alfajiri, na hapo akina mama wa Kwemkole walikuja mbio kumwaga watoto mlangoni kwa Mwaija, wachanga migongoni, wakubwa wakikokotwa mkono. Kila mmoja alikuwa na maagizo yake. Huyu usimpe uji wa moto. Huyu jana hakulala kabisa. Huyu akikohoa mwinamishe. Mwaija aliitikia "haya, haya" huku akipokea, na moyoni akiwatukana wote kwa Kizigua safi.

Miaka miwili nyuma kamati ya kijiji iliamua kwamba Mwaija, kwa kuwa nyonga yake haifai tena kwa palizi, abaki nyumbani kulea watoto wa wanaokwenda shamba la ujamaa, na mahudhurio yake yaandikwe sawa na ya mwenye jembe. Kamati ilisema watoto kumi. Sasa walikuwa kumi na tisa: kumi na mmoja wa kunyonya na wanane wasiofikia umri wa shule. Kamati ilisema pia kwamba itamjengea nyumba ya malezi. Msingi ulichimbwa, picha ikapigwa, kisha mbuzi wakapata mahali pa kulala.

Mtu mmoja na watoto kumi na mmoja wanaojinyea haiwezekani, na Mwaija hakujidanganya kwamba inawezekana. Ndiyo maana aliweka utaratibu wake. Kila mtoto mkubwa alipewa mchanga mmoja au wawili wa kuangalia: amfukuzie nzi, amtikise akilia, amwite Mwaija akijinyea, na saa sita ambebe ampeleke pembeni mwa shamba anyonye. Na kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna mama aliyeielewa: mtoto hakupewa ndugu yake. "Ndugu yake amekwisha mchoka nyumbani," Mwaija alieleza. "Hapa atamfinya." Kwa hiyo Abdi, mwenye miaka sita na meno mawili ya mbele yaliyong'oka, hakumwangalia Sadala mdogo wake. Alipewa Lukasi, mtoto wa Lea.

Utaratibu ulifanya kazi vizuri kupita kiasi. Wale wakubwa wanane waliwashika wachanga wao kama watu wenye mifugo. Walishindana. Wangu amekaa! Wangu ametambaa mpaka jikoni! Wangu amekunya mara tatu! Mwaija alikuwa akiwaacha, maana mtoto anayejivunia mchanga wake hamwangushi. Hakufikiri kwamba mashindano yale yangemtia matatani.

*

Siku ya Jumanne, akimlisha Lukasi uji wa unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, Mwaija alisikia kijiko kikigonga kitu kigumu. Akapitisha kidole. Ufizi wa chini ulikuwa laini. Wa juu ulikuwa umetoa ncha mbili.

Alikitoa kile kidole haraka, akajikuta anakifuta kwenye kanga. Halafu akaona haya mbele ya mtoto wa miezi minane, ambaye alikuwa anamcheka, uji kidevuni.

Kwa Wazigua, na kwa Washambaa vilevile, mtoto huanza na meno ya chini. Anayeanza na ya juu ni kigego, na kigego, wazee walisema, huondoka na watu wa nyumba aliyomo, mmoja mmoja. Zamani mtoto wa namna hiyo alipelekwa porini na watu wakaambiana kwamba aliugua. Hayo yalikwisha katazwa tangu enzi za Mjerumani, na sasa palikuwa na zahanati Kabuku, shule, redio na mikutano ya chama. Lakini lile jina lilibaki, na hofu ilibaki ndani ya jina.

Mwaija alipiga hesabu. Ya chini hayangechukua zaidi ya wiki mbili. Mama yake Lukasi, Lea, alikuwa binti Mshambaa, Mkristo, kwao Kerenge. Mumewe Mdoe alikuwa kibarua kwenye mitambo ya umeme Hale na alionekana Kwemkole mara moja kwa mwezi. Lea aliondoka alfajiri, akarudi giza limeingia, akamnyonyesha mtoto aliyelala. Hangeona. Mwaija akaamua kunyamaza kimya.

Alisahau kwamba Lukasi alikuwa na mwenyewe mwingine.

*

Alhamisi saa sita, akina mama walikaa kivulini pembeni mwa mahindi, miguu imenyooshwa, matiti yamejaa hadi yanauma. Msafara wa wabebaji ulikuja kwa njia ya juu, watoto wadogo wamebeba wadogo zaidi, kanga zinaburuza. Abdi alikuwa mbele ya wote na alikuwa anakimbia.

"Mama! Wangu ana meno!"

"Mwongo!" alipiga kelele msichana mmoja nyuma yake. "Wangu ndiye ana meno, ana manne!"

"Wangu ana mawili! Tena ya juu! Nyie wote wenu walianza ya chini!" Abdi alimshusha Lukasi chini kwa madaha, akamfungua kinywa kwa vidole viwili vichafu, akamgeuza huku na huku ili kila mtu aone. "Hayo! Wangu kawashinda!"

Hakuna aliyemshangilia. Abdi akadhani hawajaona vizuri, akaupandisha mdomo juu zaidi, na Lukasi akaanza kulia.

Mama Abdi aliinuka, akamnyakua mwanawe kwa mkono mmoja mpaka miguu ikaning'inia. "Umemshika na nini? Umetia kidole mdomoni mwake? Amekung'ata?"

"Kidogo tu, alikuwa anacheza..."

"Amemng'ata!" Mama Abdi aliwageukia wenzake. "Kigego amemng'ata mwanangu!" Akachukua kibuyu cha maji ya kunywa, maji ya watu kumi na wanne, akayamwaga yote juu ya mikono ya Abdi, akiisugua kwa mchanga mpaka mtoto akalia kwa sauti kuliko Lukasi.

Lea alikuwa bado amekaa. Alikuwa wa mwisho kuelewa, au wa mwisho kukubali kwamba ameelewa. Mtoto wake alikuwa peke yake kwenye majani, amezungukwa na nafasi kubwa, kwa sababu kila mwanamke alikuwa amejisogeza na wake. Lea akaenda, akamwokota, akampa titi. Hakumtazama kinywani. Akawapa mgongo, akanyonyesha akiangalia mahindi.

*

Ijumaa asubuhi reli iligongwa, na mlangoni kwa Mwaija hakuja mtu.

Alikuwa amekwisha tandika mikeka. Sufuria la uji lilikuwa motoni, uji wa watu kumi na tisa. Alisimama kizingitini akawaona wanawake wakipita upande wa pili wa njia, watoto migongoni, wakubwa wakiburutwa nyuma. Walimwamkia vizuri sana. "Shikamoo, Mama Swaumu." "Marahaba." Hakuna aliyepunguza mwendo.

Lea alikuja. Alisimama uani, hakukaribia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umesimama huko? Mlete."

"Mama, ukisema nirudi naye, nitarudi naye. Sitakulaumu."

"Nimesema hivyo?"

"Nimekosa pa kumpeleka," Lea alisema. "Mdoe analala vibarua sita chumba kimoja. Nyumbani Kerenge, mama yangu akimwona kinywa hicho ataomba Mungu mchana kutwa, lakini usiku hatalala naye nyumba moja. Namjua mama yangu."

Mwaija alimpokea Lukasi, akamtia kiunoni. "Nenda kazini. Hata mahudhurio utakosa?"

Kilichomuuma kilikuja baadaye kidogo. Binti yake wa pekee, Swaumu, aliyeolewa na Salimu nyumba ya tatu kutoka pale, naye alipita upande wa pili wa njia, mwanawe Fatu mgongoni. Mwaija akamwita. Swaumu akasimama.

"Mpaka wewe?"

"Mama, Salimu amekataa."

"Salimu amekataa, au wewe?"

Swaumu alikwangua tope la jembe kwa kidole cha mguu. "Sote. Mtoto wangu analala mkeka mmoja na yule. Wanatumia kijiko kimoja. Mama, wewe ni mtu mzima, unayajua mambo haya kuliko mimi. Kwa nini hukusema? Ungemtoa mapema, yote haya yasingetokea."

"Nimtoe nimpeleke wapi?"

"Mimi nitajuaje? Si wangu." Akaenda zake.

Mwaija alirudi ndani, akaangalia lile sufuria. Uji wa unga wa msaada, uliopimwa kwa kopo, na nusu ya kijiji wanakula mara moja kwa siku. Akawabwagia kuku sehemu, akala sehemu kwa hasira, na Lukasi akala sehemu yake kwa amani, meno mawili ya juu yakigonga kijiko.

*

Huko shambani mambo hayakwenda. Mtoto wa kwanza aliwekwa juu ya kichuguu cha siafu. Wa pili alikula udongo akatapika. Wanawake walilima hatua kumi, wakakimbia kuangalia, wakarudi, wakalima tano. Baada ya siku tatu zilikuwa zimepaliliwa ekari mbili badala ya sita, na wageni wa wilaya walitarajiwa mwisho wa mwezi kuja kuona shamba la mfano.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mhina, alikuja jioni nyumbani kwa Mwaija, jua halijatua, amevaa shati lake la mikutano. Mwinjuma, mumewe Mwaija, alikuwa mjumbe wa kamati, kwa hiyo alitoa kiti na kukifuta mara mbili.

"Chama hakiamini ushirikina," Mzee Mhina alianza. "Hilo lieleweke kabisa."

"Limeeleweka, mwenyekiti," alisema Mwinjuma.

"Sisi ni watu wa maendeleo. Jino ni jino."

"Ni jino tu, mwenyekiti."

"Kwa hiyo," Mzee Mhina akakohoa, "yule mtoto atolewe."

Mwaija alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa. "Kama jino ni jino, anatolewa kwa nini?"

"Kwa ajili ya palizi, Mama Swaumu. Mtoto mmoja hawezi kusimamisha ekari arobaini. Wenzake wamekataa, na mimi siwezi kumlazimisha mama wa mtu."

"Lakini Lea unaweza kumlazimisha."

"Lea hana makuu, ataelewa."

"Nimtoe nimpeleke wapi?"

"Hilo ni la mama yake."

"Mama yake naye yuko shambani kwako. Akikaa nyumbani kulea, hana mahudhurio. Akikosa mahudhurio, hapati unga. Akikosa unga hana maziwa. Sasa nieleze vizuri, mwenyekiti, mtoto huyu umempangia kuishi wapi? Au umempangia kule walikokuwa wanapelekwa zamani?"

"Mama Swaumu!" alifoka Mwinjuma.

"Sijasema hivyo," alisema Mzee Mhina, amesimama. "Mimi sijasema hivyo hata kidogo. Nimesema tu kwamba mwenye mtoto mmoja si mlezi wa kijiji. Kuanzia kesho karani hatakuandikia mahudhurio ya malezi. Ukitaka kuhesabiwa, njoo shambani na jembe." Akaaga kwa heshima zote, akaondoka bila kunywa maji. Hata kikombe hakukigusa.

Mwinjuma alimsindikiza, akarudi amevimba. "Unanivunjia heshima mbele ya mwenyekiti kwa mtoto wa Mshambaa?"

"Heshima yako ni kiti, Baba Swaumu. Umekifuta mara mbili. Mbona wewe hukukaa?"

"Mtoe huyo mtoto ndani ya nyumba yangu."

"Ashinde wapi?"

Kila mtu kijijini alikuwa na jibu mpaka afikishwe kwenye neno hilo. Mwinjuma akasema kwamba anakwenda msikitini, ingawa adhana ilikuwa bado.

*

Basi kesho yake Mwaija alikwenda shambani. Alijifunga Lukasi mgongoni, akachukua jembe la mumewe, akashuka na ile nyonga yake hatua kwa hatua mpaka kwenye mahindi. Karani alimwandikia. Alipewa mstari. Mama Abdi, aliyekuwa mstari wa pili, akahamia wa sita. Aliyekuwa kushoto akakumbuka kwamba amesahau kitu. Kufika saa nne, katikati ya shamba la mfano la Kwemkole palikuwa na Mwaija peke yake, anapalilia polepole na kulaani kwa sauti, na huku na huku mistari kumi yenye magugu hakuna wa kuigusa. Lea alikuja akalima karibu naye. Wanawake wawili na mtoto mmoja, na eneo la kutosha kuchezea mpira.

Usiku huo nyonga ilimfanya alale amekaa. Alilia kidogo, kwa maumivu na kwa ghadhabu, na hakujua kipi kilizidi.

Jumamosi ulikuwa mgawo wa unga. Kijiji kizima kilipanga foleni mbele ya ghala, mabeseni mkononi, watoto wakizubaa pembeni na vipande vya mihogo. Karani alisoma majina kwenye kitabu cha mahudhurio, na zamu ya kupima kwa kopo ilikuwa ya Mama Abdi. Jina la Lea lilipoitwa, Mama Abdi aliinua kopo juu usawa wa kifua chake na kumimina kutoka huko, ili beseni la Lea lisiguse chochote. Upepo ukachukua. Unga wa njano ukaanguka mavumbini kwa wingi kuliko beseni.

Lea akapiga magoti, akaanza kuuzoa kwa viganja pamoja na mchanga.

"Inuka," alisema Mwaija. Alikuwa nyuma yake kwenye foleni, Lukasi mgongoni. "Inuka mwanangu, utasaga mawe. Mama Abdi, mpimie upya."

"Mgao wake ndio huo."

"Mpimie upya!"

Foleni yote ikageuka. Mzee Mhina akatoka mlangoni mwa ghala. "Mama Swaumu, tafadhali. Hapa si mahali pa fujo. Kama kuna hoja, itapelekwa kwenye kamati."

"Nina hoja, na naisema hapa hapa." Mwaija alitoka kwenye foleni, akajishika nyonga, akageuka akawatazama wote. "Nyie mnarudi kutoka shambani jua limezama. Mtoto amelala. Mnamnyonyesha gizani. Jino la kwanza la mwanao, ni nani analiona? Wewe? Ni mimi. Kidole changu kimeingia katika kila kinywa cha kijiji hiki. Halafu wiki moja baadaye mnakuja mbio kwangu, Mama Swaumu, Mama Swaumu, mwanangu ameota jino! Nami napiga vigelegele kama sijui."

Wale wenye watoto migongoni wakawahamishia mbele.

"Lukasi si wa kwanza kupita mikononi mwangu," alisema Mwaija. "Wametangulia watatu. Watatu, nasema, walioanza ya juu, nikafunga mdomo wangu mpaka ya chini yakaja, na hakuna aliyejua. Mnalala nao. Mnakula nao. Nani amekufa? Mmoja yupo hapa hapa, amesimama."

Mwanamke mmoja alimvuta mwanawe nyuma ya kanga yake. Mwingine alimpokonya wake muhogo, kama vile muhogo ungemsema. Mama Abdi alikuwa bado ameshika kopo juu.

"Mwongo!" alisema. "Kama ni kweli, wataje."

"Niwataje?"

"Wataje, tuwajue!"

"Haya. Nianze na wa nani, Mama Abdi?" Mwaija aliuliza polepole, akimtazama usoni. "Kuna aliyezaliwa nyumba ya mbali, kuna wa nyumba ya karibu. Nianze karibu?"

Kopo likashuka. Mama Abdi alimtafuta Sadala kwa macho, akamwona, akamtafuta Abdi, akamwona naye.

"Mwenyekiti," alisema Mwaija, "nawe una wajukuu watatu. Wote nimewalea. Nitaje?"

Mzee Mhina alikuwa mtu wa mikutano na alijua lini mkutano umekwisha. "Hakuna haja," alisema haraka. "Hakuna haja kabisa. Chama kimekwisha tamka kuhusu ushirikina. Jino ni jino. Karani, endelea na majina. Mpimie huyo mama upya."

Mama Abdi alipima upya. Safari hii kopo liliingia ndani ya beseni mpaka chini.

*

Jumatatu reli iligongwa, na mlango wa Mwaija ukajaa kuliko siku zote. Hakuna aliyetoa maagizo. Kila mama alimkabidhi mtoto kwa mikono miwili, akasubiri mwenzake aondoke, kisha akainama sikioni mwa Mwaija.

"Mama Swaumu, wangu alikuwamo?"

"Utachelewa kazini."

"Niambie tu. Sitamwambia mtu."

"Utachelewa, nimesema."

Tisa waliuliza. Mama Abdi aliuliza mara mbili, mara moja kwa kila mtoto, na ya pili alikuwa na machozi. Mwaija alimwonea huruma kidogo, lakini si kiasi cha kumjibu. Alikuwa amewachoka wote. Aliwapa wakubwa wachanga wao, na Abdi, bila kuambiwa, alikwenda akamchukua Lukasi akamketisha mapajani, akampangusa pua kwa shati lake.

Swaumu alikuja mwisho. Alikuwa na Fatu mgongoni na alikuwa ameinamisha uso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mlete."

"Nisamehe, mama."

"Mlete mtoto, Swaumu. Nina watoto kumi na tisa hapa, sina nafasi ya msamaha."

Swaumu alimfungua Fatu, akambakiza mkononi. Akaangalia nyuma, hakuona mtu. "Mama, Fatu wangu alikuwamo?"

"Fatu alianza ya chini. Niliyaona mwenyewe."

"Alhamdulillahi," alisema Swaumu, na mabega yake yakashuka. Uso ukamfunguka kabisa, akacheka hata. "Alhamdulillahi, mama. Sijalala siku mbili."

Kicheko kile ndicho kilichomshinda Mwaija. Alikuwa amevumilia mwenyekiti, mume, nyonga, na foleni, lakini kile hakukiweza.

"Ulikuwamo wewe," alisema.

Swaumu aliendelea kutabasamu kidogo, kama mtu ambaye hajasikia.

"Ya juu, mawili, ulikuwa na miezi minane. Nilitangaza kwamba una surua. Nikajifungia nawe ndani siku arobaini mpaka ya chini yakatoka. Bibi yako alikuja kila siku kugonga, sikumfungulia, mpaka anaingia kaburini alikuwa ananiita mwanamke mwenye kiburi."

"Mimi?"

"Wewe."

"Baba anajua?"

"Hajui. Siku zile alilala kwa bibi yako, akiogopa surua. Na usimwambie, atapeleka kwenye kamati."

Swaumu alijishika mdomo. Mwaija akamtwaa Fatu, akamlaza mkekani kando ya Lukasi, akainuka kwa shida akishikilia ukuta.

"Na usifikiri nilikuwa shujaa," alisema, sauti imeshuka. "Nilikuogopa. Mwaka mzima nilikunyonyesha nikiangalia pembeni. Akiugua mtu jirani, nakutazama wewe. Mtoto wangu mwenyewe. Sasa nenda, karani atakukata siku."

Swaumu alikwenda. Siku ile alilima tangu asubuhi hadi jua linatua hajafungua kinywa, kanga imefungwa mpaka puani, na Mama Abdi, mstari wa pili, alimuuliza mara tatu kama anaumwa jino.